Jinsi ya kutengeneza chembe nano za sumaku zenye sura mbili na kuzivika polima kwa njia ya nta

Kila muhula wanafunzi wapya wa shahada ya uzamili wanapoingia maabara, maswali huwa ni yale yale: kwa nini chembe zangu zimevaa polima pande zote, kwa nini zimegeuka rangi ya kutu, je, naweza kutumia mshumaa badala ya nta ya maabara, na kwa nini kijiti cha kukorogea kimekula chembe zote. Nimechoka kujibu kwa vipande vipande, nikaona ni heri niandike kazi nzima mahali pamoja, kuanzia chumvi za chuma hadi chembe iliyo tayari. Mwongozo huu ni kwa mtu anayejua kupima kwa pipeti na kutumia mizani ya miligramu, lakini hajawahi kushika chembe nano.

Chembe yenye sura mbili huitwa chembe ya Janus, kwa jina la mungu wa Warumi aliyechorwa na nyuso mbili, na jina hilo lilienea sana baada ya Pierre-Gilles de Gennes kulitaja katika hotuba yake ya Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Wazo lenyewe ni jepesi. Unachukua chembe ya duara, unazamisha upande wake mmoja ndani ya tone la nta, nta inaganda, kisha unafanya kemia yako kwenye upande uliobaki nje. Baadaye unaiyeyusha nta, na upande uliokuwa umefichwa unapata polima yake ya pili. Hapa tutaweka asidi ya poliakriliki (PAA), ambayo ina chaji hasi na hubadilika kwa pH, upande wa kwanza, na polietilini glikoli (PEG), ambayo haina chaji na hupenda maji, upande wa pili. Katikati ya chembe kuna magnetiti, oksidi nyeusi ya chuma ambayo ikiwa na ukubwa wa nanomita 10 hivi huvutwa na sumaku, lakini haibaki na usumaku wake unapoiondoa sumaku. Nadharia inatosha hapo.

Jambo moja ulishike tangu mwanzo: wengi hudhani kazi hii huharibikia kwenye kemia ya polima, kumbe huharibikia kwenye kufua nta. Chembe yoyote iliyobaki huru ndani ya maji wakati wa hatua ya upande wa kwanza itavaa pande zote mbili, na baadaye hutaweza kuitofautisha na zile zilizofanikiwa.

Vitu vya kuandaa

Kemikali za kutengeneza chembe ni kloridi ya chuma(III) yenye maji sita, kloridi ya chuma(II) yenye maji manne, amonia ya asilimia 25, sitrati ya sodiamu, asetoni, ethanoli, na tetraethili orthosilikati, ambayo kila mtu huiita TEOS. Kwa hatua ya nta utahitaji nta ya parafini ya maabara inayoyeyuka kati ya 53 na 57 °C, setili-trimethili-amoniamu bromidi (CTAB), na chumvi ya kawaida iliyo safi. Kwa polima utahitaji aminopropili-triethoksisilani (APTES), methanoli, PAA yenye uzito wa molekuli wa 5,000 hivi, EDC ya hidrokloridi na NHS (viamsha vya kuiunganisha PAA na chembe), bafa ya MES (kidhibiti cha pH), asidi kidogo ya asetiki, heptani, na PEG ya uzito wa 2,000 yenye silani (kikundi kinachoshika silika) mwisho mmoja na methoksi mwisho mwingine. Maji yote yawe yamekenekwa au yameondolewa ayoni.

Vifaa ni chupa ya shingo tatu ya mililita 250, silinda ya gesi ya nitrojeni, bafu la maji ya moto lenye kipimajoto, bafu la ultrasoniki, faneli ya kutenganishia, meza ya kutikisia taratibu, hadubini ya kawaida, na kikorogeo cha mota chenye fimbo ya kioo na pangaboi la plastiki. Usikose hicho cha mwisho. Mara yangu ya kwanza nilitumia kijiti cha sumaku kinachozungushwa kutoka chini kwa sababu ndicho kilichokuwa mezani, na baada ya nusu saa kijiti kilikuwa kimeota ndevu nyeusi huku maji yakiwa hayana rangi kabisa. Chembe zote zilikuwa zimeng'ang'ania pale na hazikutoka hata kwa ultrasoniki.

Utahitaji pia sumaku kali ya neodimiamu. Ukikosa ya kununua, diski kuu ya kompyuta iliyokufa ina mbili ndani yake, na fundi wa kompyuta atakupa kwa bei ya soda. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kuitumia, maana chembe zikishika chuma chenyewe huzipati tena.

Kabla hujaanza

Kazi yote ifanyike ndani ya kabati la kuvuta hewa, ukiwa umevaa glavu za nitraili na miwani. Methanoli na APTES ni sumu, na heptani hushika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na moto wazi wala jiko la koili jekundu karibu nayo. Chembe nano zikiwa ndani ya majimaji hazina vurugu, lakini zikikauka zikawa unga huingia hewani na mapafuni. Usizikaushe na kuzisaga bila sababu. Mabaki yote yaende kwenye chupa ya taka, hata yale maji yanayoonekana safi.

Kagua chupa zako. Kloridi ya chuma(II) nzuri ni ya kijani hafifu; ikiwa na gamba la kahawia imeshaoksidika, na hakuna hesabu itakayokuokoa. TEOS iwe nyepesi kama maji, na ikiwa na ute chini ya chupa iache. Amonia ndiyo yenye hila zaidi katika maabara za mwambao, ambapo joto la chumba hufika 32 °C na gesi hutoroka kila kifuniko kinapofunguliwa, hivi kwamba chupa iliyofunguliwa miezi sita iliyopita inaweza kuwa imebakiza nusu tu ya nguvu iliyoandikwa kwenye lebo. Iweke kwenye friji ya kemikali, na uifungue ikiwa baridi.

Sehemu ya kwanza: magnetiti

1. Chemsha mililita 120 za maji kwa dakika 10, kisha yaache yapoe huku ukipitisha nitrojeni ndani yake kwa dakika 30. Oksijeni iliyomo ndani ya maji ndiyo inayogeuza magnetiti kuwa kutu.

2. Pima mililita 100 za maji hayo uziweke kwenye chupa ya shingo tatu, endelea kupitisha nitrojeni, kisha yeyusha gramu 2.70 za kloridi ya chuma(III) na gramu 0.99 za kloridi ya chuma(II). Hizo ni milimoli 10 kwa milimoli 5, yaani uwiano wa mbili kwa moja ambao magnetiti huutaka. Utaona rangi ya chungwa iliyoiva.

3. Pasha hadi 80 °C ukikoroga kwa kasi, kisha mimina mililita 15 za amonia kwa mkupuo mmoja. Usiitone tone kwa tone, kwa sababu ukipandisha pH polepole utapata mchanganyiko wa oksidi nyingine kabla ya magnetiti. Rangi hugeuka nyeusi kama wino papo hapo. Endelea kukoroga kwa dakika 30.

4. Weka sumaku chini ya bika, subiri chembe zitulie, mwaga maji ya juu na uongeze maji mapya. Rudia hadi pH ikaribie 7.

5. Ongeza gramu 1 ya sitrati ya sodiamu iliyoyeyushwa katika mililita 100 za maji, pasha hadi 80 °C kwa saa moja, kisha poza. Sitrati huzipa chembe chaji hasi zisigandane. Sasa zitakataa kukusanyika kwa sumaku peke yake, kwa hiyo ongeza asetoni kiasi sawa na maji, na hapo zitaanguka. Zioshe mara mbili kwa namna hiyo, kisha zisambaze kwenye mililita 100 za maji kwa ultrasoniki.

6. Kausha mililita 1 ya mchanganyiko huo kwenye kikombe kilichopimwa, upime uzito uliobaki. Kwa hesabu kamili ungepata miligramu 11 na kidogo. Ukipata kati ya 8 na 11 endelea, na utumie namba yako halisi katika sehemu inayofuata.

Sehemu ya pili: ganda la silika

Magnetiti tupu haifai kwa kemia inayofuata, kwa hiyo tunaivika kioo chembamba kwa njia ambayo Stöber na wenzake waliichapisha mwaka 1968.

7. Changanya mililita 160 za ethanoli na mililita 40 za maji, ongeza kiasi cha mchanganyiko wako chenye miligramu 60 za magnetiti, na uweke kwenye ultrasoniki kwa dakika 15. Ongeza mililita 3 za amonia huku ukikoroga kwa fimbo.

8. Changanya mililita 1 ya TEOS na mililita 9 za ethanoli. Ongeza robo ya mchanganyiko huo kila baada ya saa moja, kisha acha ikoroge usiku kucha kwenye joto la chumba. Ukimwaga TEOS yote kwa pamoja, silika itajitengenezea vitone vyake vyeupe visivyo na sumaku ndani.

9. Kusanya kwa sumaku, mwaga majimaji, osha kwa ethanoli mara tatu na kwa maji mara mbili. Majimaji ya kwanza yakiwa na weupe wa maziwa hata baada ya sumaku kukaa saa nzima, hiyo ndiyo silika tupu. Imwage bila huruma. Mara nyingi utabaki na miligramu 200 hadi 300.

10. Fanya jaribio la asidi. Chukua miligramu chache, ziweke kwenye mililita 2 za asidi hidrokloriki ya 1 mol/l, na uziache usiku mmoja. Asidi ikibaki bila rangi, ganda limekamilika. Ikiwa ya manjano, asidi imepata upenyo na inayeyusha chuma, kwa hiyo rudia hatua ya 8 kwa nusu ya TEOS.

Chembe zitakazotoka hapa kwa kawaida hubeba viini kadhaa vya magnetiti ndani ya ganda moja. Pima ukubwa wake, kwa sababu hesabu ya nta inautegemea. Kuanzia hapa nachukulia kwamba zako ni za nanomita 150.

Sehemu ya tatu: kuzikamata kwenye nta

Hapa ndipo pa kutuliza moyo. Tenga siku nzima, na uhakikishe kuna umeme wa akiba. Umeme uliwahi kukatika nikiwa katikati ya hatua ya 13, mota ikasimama huku maji yakiwa bado moto, na matone yote yakaungana. Uliporudi nilikuwa na bamba moja la nta juu ya maji, na wiki mbili za kazi zikiwa ndani yake.

Kuhusu mshumaa: usiutumie. Mshumaa wa dukani mara nyingi huchanganywa na asidi ya steariki na rangi, na vitu hivyo hukimbilia kwenye uso wa tone kabla ya chembe zako. Mingine hulainika mapema, na adhuhuri ya Dar es Salaam au Mombasa chembe huanza kuzunguka ndani ya nta iliyotakiwa kuzishika imara.

11. Yeyusha miligramu 36 za CTAB katika lita 1 ya maji ili upate 0.1 mmol/l. Usijaribu kupima CTAB ya mililita 20 peke yake, kwa kuwa ni chini ya miligramu moja na mizani yako itakudanganya. Kazi ya CTAB ni kuzifanya chembe zipende nta kiasi tu. Ikiwa ndogo mno chembe hubaki majini, na ikizidi huzama mno ndani ya nta au hugandana.

12. Chukua miligramu 200 za chembe, zisambaze katika mililita 20 za maji hayo ya CTAB kwa ultrasoniki dakika 20, kisha pasha hadi 75 °C.

13. Yeyusha gramu 2 za nta kwenye bika ndogo kwa 75 °C, uimimine kwenye chembe, na ukoroge kwa fimbo ya mota kwa mizunguko 1,500 kwa dakika au zaidi, kwa saa moja. Joto lisishuke chini ya 70 °C hata dakika moja.

14. Punguza kasi hadi nusu na uishushe chupa kwenye maji ya barafu huku ikiendelea kukoroga. Matone yataganda kuwa punje za rangi ya hudhurungi.

15. Weka tone moja chini ya hadubini ya kawaida. Unatafuta punje za mviringo zilizotengana. Pima kipenyo cha punje 50 hivi na uandike wastani.

Namba hiyo ina maana kubwa. Kwa chembe za nanomita 150 na nta ya gramu 2, punje zinatakiwa ziwe na kipenyo cha mikromita 12 hivi ili uso wa nta uweze kubeba miligramu 200 zote. Punje zako zikiwa za mikromita 30, kama ilivyo kawaida kwa mota ya kawaida, uso uliopo hubeba takriban miligramu 80 tu, na nyingine 120 zinaelea majini bila pa kukaa. Usihuzunike kuzipoteza. Huzuni ni kuziacha humo.

16. Mimina kila kitu kwenye faneli ya kutenganishia na usubiri nusu saa. Punje za nta ni nyepesi kuliko maji, zitapanda juu kama pumba kwenye beseni la kuoshea mchele, na chembe huru zitabaki chini zikiyafanya maji yawe na rangi ya chai ya rangi. Fungua bomba utoe maji ya chini, ongeza maji mapya, geuza faneli taratibu mara kumi, usubiri tena.

17. Baada ya mizunguko mitatu ya maji, osha mara mbili kwa maji ya chumvi yenye gramu 5.84 za chumvi kwa lita, ili kuondoa CTAB iliyofunika upande wa nje wa chembe. Kisha rudi kwenye maji matupu.

18. Kila mara yachukue maji uliyoyatoa, yaweke kwenye chupa ndogo, na ushikilie sumaku ubavuni mwake kwa dakika 10. Doa jeusi likitokea ukutani, hujamaliza. Endelea hadi upate ukuta safi mara mbili mfululizo. Mimi huchukua mizunguko minane hadi kumi na miwili. Jaribio hili lifanywe kwenye maji yaliyotolewa, si kwenye punje, kwa maana punje nazo zina magnetiti na zitavutwa tu.

Punje zilizofuliwa zinaweza kulala kwenye maji ndani ya friji usiku mmoja. Hapa ndipo mahali pazuri pa kusimama kama siku imekwisha.

Sehemu ya nne: upande wa kwanza, PAA

Tangu sasa hadi nta itakapoyeyushwa, hakuna kupasha moto, hakuna ultrasoniki, na hakuna kukoroga kwa nguvu. Punje zinatikiswa taratibu tu.

19. Chuja punje kwenye karatasi ya kuchujia, ziweke kwenye mililita 20 za methanoli, ongeza mililita 0.2 za APTES, ambayo hupachika vikundi vya amini kwenye silika, na utikise kwa saa moja. Punje zitazama badala ya kuelea, kwa sababu methanoli ni nyepesi kuliko nta; wengi hushtuka wakidhani wameharibu. Osha kwa methanoli mara tatu, kisha kwa maji.

20. Weka kando kijiko kidogo cha punje hizi. Utazihitaji kwa jaribio la dhahabu.

21. Yeyusha miligramu 100 za PAA katika mililita 20 za bafa ya MES, rekebisha pH iwe 6, kisha ongeza miligramu 50 za EDC na miligramu 30 za NHS. Subiri dakika 15. Kiasi hicho kinaamsha takriban sehemu moja ya tano ya vikundi vya asidi, nacho kinatosha kushika amini na kubakiza PAA yenye chaji yake. Usibadilishe bafa kiholela: ya Tris ina amini itakayonyang'anya PAA nafasi, na ya asetati ina asidi itakayoinyang'anya EDC.

22. Ongeza punje, tikisa saa nne kwenye joto la chumba, kisha osha kwa maji mara tano. EDC ya zamani iliyolowana na unyevu wa hewa haifanyi kazi; iache chupa ifikie joto la chumba kabla ya kuifungua.

Sehemu ya tano: kuyeyusha nta na kuvika PEG

23. Kausha punje kwenye karatasi kwa hewa tu, ziweke kwenye mililita 50 za heptani, na upashe kwenye maji ya 40 °C hadi zitoweke. Kusanya chembe kwa sumaku, mwaga, rudia mara nne. Kisha dondosha matone mawili ya heptani ya mwisho kwenye kioo cha hadubini yakauke: yakiacha utando wa weupe, nta ipo bado. Hatua hii ikifanywa nusu nusu, upande wa pili unabaki umepakwa nta na PEG haishiki kitu.

24. Osha kwa ethanoli mara tatu, ukitumia ultrasoniki sasa bila wasiwasi. Chembe hugandana ndani ya heptani kwa sababu PAA haipendi mafuta; zikifika kwenye ethanoli zitaachana.

25. Kwa chembe za miligramu 80, tayarisha mililita 40 za ethanoli na mililita 2 za maji, weka matone machache ya asidi ya asetiki hadi pH ifike 5 hivi, yeyusha miligramu 50 za PEG yenye silani, na uongeze chembe papo hapo. Koroga kwa fimbo kwa 50 °C kwa saa 12. Usiitayarishe PEG hiyo jana kwa matumizi ya leo, kwani silani zake hushikana zenyewe kwa zenyewe.

26. Osha kwa ethanoli mara tatu na maji mara tatu. Hifadhi kwenye maji kwa 4 °C, bila kukausha.

Kuhakiki kama kweli zina sura mbili

Potenshali ya zeta itakupa chaji ya wastani: silika tupu ni hasi, baada ya APTES hupanda, baada ya PAA hurudi kuwa hasi. Spektrometa ya infraredi itaonyesha silika karibu na 1,100 kwa sentimita, chuma na oksijeni karibu na 580, na asidi ya PAA karibu na 1,710. Vyote viwili ni vya kusaidia, lakini hakuna hata kimoja kinachothibitisha sura mbili, kwa sababu mchanganyiko wa chembe za PAA tupu na chembe za PEG tupu ungetoa majibu yanayofanana nao. Nimesoma ripoti nyingi za wanafunzi zinazosimama hapo na kutangaza ushindi.

Ushahidi ni dhahabu. Chukua zile punje za hatua ya 20, yeyusha nta yake, osha, kisha changanya na chembe za dhahabu za nanomita 15 zilizotengenezwa kwa sitrati. Dhahabu ina chaji hasi, hivyo hushika upande wenye amini tu. Baada ya nusu saa kusanya kwa sumaku, osha, na uitazame kwa hadubini ya elektroni. Chembe nzuri huonekana kama kichwa kilichovaa kofia ya nukta nyeusi upande mmoja. Hesabu chembe zisizopungua 100, ukijumuisha zile zisizokupendeza, na utoe asilimia. Fanya vivyo hivyo kwa chembe zilizopata APTES bila kupita kwenye nta, ambazo zinatakiwa kuwa na nukta kila mahali.

Kama hadubini ya elektroni iko mbali na zamu yako ni mwezi ujao, angalau angalia rangi: maji mekundu ya dhahabu hupauka chembe zenye amini zinapokusanywa na sumaku, na hubaki mekundu kwa silika tupu. Hilo linathibitisha amini ipo, basi.

Mambo yanapokwenda mrama

*Mchanganyiko wa hatua ya 3 ni wa kahawia, si mweusi.* Oksijeni iliingia au kloridi ya chuma(II) ilikuwa imeharibika. Anza upya, haurekebishiki.

*Chembe zenye silika hazivutwi na sumaku, au huchukua saa nyingi.* Silika ni nyingi mno kuliko magnetiti. Ongeza magnetiti hadi miligramu 80 kwa TEOS ile ile.

*Nta imeganda kuwa bonge moja.* Joto lilishuka wakati wa kukoroga, kasi ilikuwa ndogo, au chembe hazikushika nta. Yeyusha tena kwa 75 °C na ukoroge upya. Likirudia, ongeza CTAB hadi 0.2 mmol/l.

*Dhahabu iko pande zote.* Kama ni kwa baadhi ya chembe, hukufua vya kutosha katika hatua ya 16 hadi 18. Kama ni kwa zote, chembe zilikuwa zikizunguka kwenye nta: huenda nta ililainika, au ulipasha moto baada ya hatua ya 14.

*Dhahabu imeshika doa dogo tu.* Chembe zimezama mno. Punguza CTAB kwa nusu.

*Hakuna dhahabu kabisa.* CTAB ilibaki ikaizuia APTES, au APTES ni ya zamani. Ikiwa na ukungu au ya manjano usiitumie.

*Chembe za mwisho zinagandana kwenye maji.* Zijaribu kwenye pH 8. Zikiachana, PAA ipo na ilikuwa imepoteza chaji kwa asidi iliyosalia ya hatua ya 25. Zikikataa, rudi kwenye tone la heptani la hatua ya 23, kwa maana karibu kila mara ni nta.